Shajara ya mradi: omweso kwenye simu, Walukuba, Jinja

8 Februari 2025: Mwanzo

Shajara hii inaandikwa ili mtu wa Mbale, Arua au Kisumu atakayetaka kuuingiza mchezo wa kwao kwenye simu aone tulikopita na tulikojikwaa. Tuko watatu hapa Walukuba, mtaa wa Jinja nchini Uganda ambao watu wake, tangu siku za vibarua wa viwandani waliotoka kila pembe, wamezoea kusalimiana na kugombana kwa Kiswahili: mimi ninayefundisha Kiswahili sekondari, mpwa wangu anayeandika programu, na binti wa jirani anayechora. Hakuna anayelipwa.

Wazo la kwanza halikuwa omweso, mchezo wa ubao na kete, bali bigwala, tarumbeta za vibuyu za Busoga ambazo UNESCO iliziweka mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kila tarumbeta hutoa sauti moja tu, na wimbo hupatikana pale wapigaji watano au zaidi wanapopokezana sauti zao kwa zamu. Tulichora vibuyu vitano kwenye kioo cha simu, mtoto akigusa kimoja kinalia, na baada ya wiki mbili tukagundua kwamba tumetengeneza kinanda chenye sura ya vibuyu: pumzi haikuwemo, na kule kusubiriana ambako ndiko uhai wa ngoma ile hakukuwemo pia. Tuliacha. Simu hubeba vizuri jambo ambalo lenyewe tayari ni mchezo wenye sheria. Jambo linalokaa katika pumzi za watu watano linahitaji kwanza watu watano.

Omweso ni ndugu wa bao la pwani. Ubao una safu nne za mashimo manane, kila mchezaji akimiliki safu mbili, na kete ni 64, ambazo kwa Kiganda huitwa empiki, mbegu ngumu za mti wa omuyiki. Mchezaji huchota kete kutoka shimo lake lenye kete mbili au zaidi na kuzigawa mojamoja kinyume na mwendo wa mishale ya saa. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, anachota zote na kuanza mzunguko mwingine. Ikiangukia shimo tupu, analala, yaani mkono wake, mizunguko yote ya zamu hiyo, umekwisha. Asiyebaki na shimo hata moja lenye kete mbili hana pa kuanzia, naye ameshindwa.

Ubao tulichongewa kwa shilingi 60,000 za Uganda, na kete tulizinunua kwa 5,000. Programu tunaiandika kwa Godot, zana ya kutengenezea michezo, ambayo ni ya bure na haidai ada hata mchezo ukiuzwa.

1 Machi 2025: Kosa lililotokana na bao la pwani

Kuchora ubao, kuhesabu mashimo na kusogeza kete kulichukua siku tatu na hakuna la kusimulia. Kazi ilikuwa kwenye kula, yaani kuchukua kete za mpinzani.

Mpwa wangu alisomea Mombasa na bao alijifunzia huko, na kwa kuwa ubao ni uleule na kete ni zilezile 64, aliandika sehemu ya kula kama anavyoijua yeye: unakula kete za shimo la mbele la mpinzani, kisha unazigawa kuanzia kichwa, yaani shimo la ncha ya safu. Mimi niliipitisha. Nilipompelekea Jjajja mmoja, yaani babu, wa mtaani kwetu, ambaye huchezea chini ya mwembe kila alasiri, alitazama mizunguko miwili bila kusema neno, kisha akaweka kidole kwenye kioo.

«Mwalimu, kete hizi zimepotea njia. Zilitakiwa zirudi ulipoanzia mzunguko, nyinyi mmezipeleka kichwani.»

Katika omweso kete ya mwisho ikiangukia shimo lako la ndani, la safu inayomkabili mpinzani, lenye kete, na mashimo yote mawili ya mpinzani katika mstari huo yana kete, unazichukua zote, za shimo la ndani na za shimo la nje, na unazigawa tena kuanzia pale ulipoanza mzunguko ule uliokuwezesha kula. Kwa hiyo programu haina budi kukumbuka mwanzo wa kila mzunguko, wala si mwanzo wa zamu nzima. Sisi tulikuwa tunakumbuka mwanzo wa zamu peke yake, na hata baada ya kuondoa kichwa, kete ziliendelea kupotea katika zamu zenye mizunguko mitatu na zaidi.

Dawa iliyotufaa naipendekeza kwa yeyote. Tulikaa na Jjajja siku mbili tukaandika kwenye daftari hali 40 za ubao: kete ngapi katika kila shimo kabla ya mchezo, shimo lililochaguliwa, na kete ngapi katika kila shimo baada ya mkono wake kulala. Programu ikachezeshwa hali zilezile. Mara ya kwanza ilikosea 23. Tulirekebisha, ikakosea 4, na tulipozifuatilia hizo nne tukakuta mbili ni makosa yetu ya kuandika daftarini. Tangu hapo kila badiliko la msimbo, hata la rangi, linapitishwa kwanza kwenye zile hali 40.

Neno moja lilinifurahisha. Mchezaji anayekula kete za ncha zote mbili za mpinzani katika zamu moja ameshinda papo hapo, na ushindi huo Waganda wanauita emitwe ebiri, yaani vichwa viwili. Mbao hizi mbili, wa ziwani na wa baharini, zote huita ncha zake vichwa.

Nauli na chai za wazee mwezi huu: shilingi 22,000.

29 Machi 2025: Mkono usiolala

Mwezi wa Ramadhani wazee wengi wa kwetu hawakuonekana mchana, kwa hiyo tulikutana baada ya tarawehe, na usiku mmoja wa namna hiyo simu iliganda. Kete zilizunguka, zikazunguka, tukadhani ni kazi nzuri ya uhuishaji, kisha nyuma ya simu pakawa pamoto. Mpwa wangu aliamini ni hitilafu ya msimbo na akakesha akiitafuta. Haikuwa hitilafu. Zipo hali za ubao ambazo kete ya mwisho haiangukii kamwe shimo tupu, na mkono hauna mwisho.

Tulipowauliza wazee hawakushangaa hata kidogo. Walituambia kwamba mkono ukizidi kuzunguka hadi kila aliyekaa pale ameridhika kuwa haulali, mchezo huo hufutwa, kete zinarudishwa zilivyokuwa, na mwenye zamu huchagua shimo jingine. Sheria hiyo hatukuwahi kuambiwa kwa sababu hatukuwahi kuiuliza, na hatukuiuliza kwa sababu hatukujua kwamba jambo lenyewe linaweza kutokea.

Jaribio la kwanza la kurekebisha lilikuwa kuhesabu: mizunguko ikifika 50, simamisha. Likashindwa ndani ya saa moja, kwani mzee mmoja alitupangia mkono mrefu sana, halali kabisa, uliozidi hesabu hiyo na ukalala wenyewe. Kumfutia mtu mkono halali ni dhuluma mbaya kuliko simu kuganda. Njia iliyofaulu ni hii: kila mzunguko unapoanza, programu huandika kete zilizo katika kila shimo pamoja na shimo linalochotwa. Hali ileile ikijitokeza mara ya pili, mkono hauwezi kulala tena, kwa kuwa yote yaliyofuata mara ya kwanza yatafuata vilevile. Kila kete zinapoliwa orodha inafutwa na kuanza upya, maana kete zikishaliwa hazirudi kwa mwenyewe katika zamu hiyohiyo, na hali za kabla ya kula haziwezi kujirudia. Orodha inabaki fupi, na simu ndogo inaimudu.

26 Aprili 2025: Sauti na mwendo wa mkono

Kwa sauti ya kete tulichukua rekodi ya bure ya intaneti iliyofanana na kitu kigumu kikigonga ubao. Jjajja aliinua simu sikioni kama anayepokea salamu, akairudisha. «Hizo ni goroli.»

Tulinunua kipaza sauti kidogo cha shilingi 35,000, na fedha hiyo ilipotea bure, kwa sababu kilinasa bodaboda za barabara nzima. Rekodi tunayotumia sasa ilifanywa kwa simu ya kawaida, saa tisa ya usiku, ndani ya chumba chenye mablanketi yaliyotundikwa mlangoni na dirishani, simu ikiwa juu ya mto, hatua moja kutoka kwenye ubao. Jambo lililotuvutia ni kwamba sauti ya empiki si moja. Kete inayoangukia shimo tupu hugonga mbao na kutoa mlio mkavu. Inayoangukia kete wenzake hutoa mlio mfupi na mzito. Mchezaji mzoefu anasikia kuwa mkono unakaribia kulala kabla hajatazama. Kwa hiyo tulirekodi milio ya aina tatu: shimo tupu, shimo lenye kete chache, na shimo lililojaa, kila aina mara sita, na programu inachagua mojawapo bila mpangilio ili sikio lisichoshwe.

Mwendo ulikuwa tatizo la pili. Tulikuwa tumeipa kila kete sekunde 0.6, na mkono wa kuangusha kete mara 70 ulichukua sekunde 42, muda ambao hakuna mzee aliyeuvumilia. Tulimpiga video Jjajja akigawa, tukahesabu fremu, tukakuta anaangusha kete tano hadi sita kwa sekunde. Sasa kila kete ina sekunde 0.18 na mkono uleule unakwisha chini ya sekunde 13. Kwa wanaojifunza tumeacha mwendo wa polepole kama chaguo, lakini haukai mbele.

31 Mei 2025: Koo, na herufi iliyogeuka kisanduku

Hili ni kosa langu mimi, na ndilo lililoniuma. Nilitaka kila mchezaji awe na picha yake, nikaona hakuna picha nzuri kuliko alama za koo za Buganda: Mmamba, Ngabi, Nkima, Lugave na nyinginezo. Mchoraji wetu alifanya kazi ya mwezi mzima, na michoro ilikuwa mizuri kwelikweli.

Hitilafu ya kwanza ilikuwa ya macho. Jina la ukoo wa Ŋŋaaŋŋa lilitokea kama visanduku vitupu vikifuatana, kwa kuwa mwandiko (fonti) tuliouchagua kwa uzuri wake haukuwa na herufi ŋ, ambayo Kiganda hakiandikiki bila hiyo. Tulihamia Noto Sans na tatizo likaisha. Yeyote anayefanya kazi ya lugha zetu ajaribu mwandiko wake kwa maneno magumu kabla ya kuchora kitufe hata kimoja.

Hitilafu ya pili haikuwa ya mwandiko. Mama mmoja aliyekuja na mjukuu wake alimtazama mtoto akigusa picha ya Lugave, kisha Nkima, kisha Mmamba, akichagua iliyompendeza. Hakukasirika. Alisema kwa upole, «Mwalimu, mwanangu, ukoo haujaribiwi kama viatu. Huyu ana wake, aliupata kwa baba yake.» Niliona mara moja kwamba katika mradi wa kulinda mila nilikuwa ninamfundisha mtoto kinyume cha mila, na kwa njia ya kupendeza ambayo asingeisahau. Picha zote zimeondolewa. Wachezaji sasa wanatofautishwa kwa rangi ya ukingo wa ubao na jina wanaloliandika wenyewe. Michoro tumempa mchoraji aifanyie jambo jingine, baada ya kuzungumza na wenye koo.

5 Julai 2025: Simu kongwe

Programu ilikuwa ikienda vizuri kwenye simu ya mpwa wangu, na haikwenda popote pengine. Tulinunua simu mbili za mitumba, shilingi 130,000 kwa pamoja, za aina wanayoshika watoto wa mtaani kwetu baada ya wazazi wao kuzichoka. Moja ilikataa kabisa kuisakinisha programu. Nyingine iliisakinisha ikaonyesha giza.

Ya kwanza ilikuwa ya biti 32, nasi tulikuwa tumetoa faili la biti 64 peke yake. Kuweka alama kwenye armeabi-v7a, chaguo la simu za biti 32, katika mpangilio wa kutolea faili kulitosha. Ya pili haikuijua Vulkan, mfumo wa kuchora picha ambao Godot huutumia katika njia yake ya kawaida ya uchoraji kwa simu. Tulihamia njia iitwayo Compatibility, inayotumia mfumo wa zamani zaidi, OpenGL ES 3.0, tukapoteza kivuli kizuri chini ya kete na tukapata mchezo unaoonekana. Kivuli sasa kimechorwa ndani ya picha ya kete yenyewe. Tungeanza na njia hii tangu Februari, tungeokoa karibu wiki tatu.

30 Agosti 2025: Watoto walinyamaza

Likizo imetupa watoto 14, wa miaka 9 hadi 15, kwenye ukumbi wa mtaa. Wengi wanajua ludo na mchezo wa karata uitwao matatu. Omweso waliwahi kuuona, wawili tu wamewahi kuushika. Kuchaji simu tano kibandani: shilingi 2,500.

Kwa kipimo cha kawaida jaribio lilifaulu. Ndani ya saa moja wote walijua kugawa, na ndani ya saa mbili wengi walikula kwa kukusudia. Lakini kila mmoja alikaa pembeni akicheza na mashine, kichwa chini, na ukumbi ulikuwa kimya. Chini ya mwembe omweso hauko hivyo. Watazamaji wanahesabu kwa sauti, mwenye zamu anahimizwa, anayefikiri sana anahesabiwa emu, bbiri, ssatu (moja, mbili, tatu) hadi acheze, na aliyekula vizuri anasifiwa na watu ambao hata hawachezi. Tulikuwa tumehifadhi sheria, na yale maneno tulikuwa tumeyaacha nje.

Jambo jingine lilionekana siku hiyo. Kwenye kila shimo tulikuwa tumeandika tarakimu ya kete zilizomo, kwa nia ya kusaidia. Tulipowaweka watoto kwenye ubao wa mbao, hawakuweza kukadiria shimo lenye kete saba. Walichota, wakahesabu mkononi, wakarudisha. Tarakimu ilikuwa imefanya kazi ya jicho, na jicho halikujifunza.

20 Septemba 2025: Matengenezo makubwa

Kucheza na mashine kumeondolewa mbele na kuwekwa ndani, penye jina la Mazoezi. Programu ikifunguliwa sasa inaonyesha ubao mmoja kwa watu wawili waliokaa wakitazamana, simu ikiwa katikati yao, na maandishi ya kila upande yanamwelekea mwenyewe. Hatua hii ilileta usumbufu tusioutarajia: kidole cha mtoto mmoja kilipokuwa kinagusa upande wake, kiganja chake kiligusa upande wa mwenzake na mchezo ukasikia miguso miwili. Tumeifanya programu isikilize safu za mwenye zamu tu.

Kwa yale maneno, tuliwaomba wazee ruhusa ya kuwarekodi wakihesabu na wakihimiza, tukawasikilizisha rekodi kabla ya kuzitumia, na mmoja akaomba yake ifutwe, ikafutwa. Sauti hizo hutoka tu mchezaji akikawia. Hazitoki kila mara, kwa kuwa nia yetu ni kumkumbusha mtoto aliyekaa ng'ambo ahesabu yeye. Tulipowajaribisha tena watoto 11 wa kundi lile, walikuwa wamezima sauti za simu ndani ya nusu saa na wanahesabu wenyewe, kwa Lusoga, Kiganda na Kiswahili, kila mmoja kwa kwao.

Tarakimu zimeondoka. Kwa kioo kidogo, kete zaidi ya sita zilionekana kama doa moja jeusi, hivyo tumeweka njia ya kubonyeza shimo na kulishikilia ili kete zitawanyike kidogo na zihesabike, kwa mashimo ya mwenye zamu peke yake. Wazee wawili wanaona hata hilo ni kudekeza. Mimi naona linafaa kwa mwaka wa kwanza wa mtoto, na tumelibakiza.

8 Novemba 2025: Tulipo sasa

Usajili wa Google Play ni dola 25, unaolipwa mara moja; sisi ulitutoka karibu shilingi 92,000. Tulipolipa tukidhani kazi imekwisha, tulikuta kwamba akaunti mpya ya mtu binafsi inatakiwa kwanza iwe na wajaribu 12 wanaobaki kwenye jaribio siku 14 mfululizo. Wajaribu wetu waliingia, kisha watatu wakabadilisha simu, na siku zikaanza kuhesabiwa upya. Andikeni watu 20, na waelezeni wasiondoke. Wakati tunasubiri, faili linapita kwa Bluetooth na kadi za kumbukumbu, na mchezo hauhitaji intaneti hata kidogo.

Jumla ya fedha hadi leo ni shilingi 549,500: ubao na kete 65,000, nauli na chai 118,000, simu za mitumba 130,000, kipaza sauti 35,000, bando la intaneti 96,000, usajili 92,000, kuchaji na kuchapisha karatasi za majaribio 13,500. Nikitoa kipaza sauti, hakuna hapo ninachokijutia. Fungu la chai ndilo lililotuletea sheria.

Limebaki jambo moja la sheria. Kutoka mashimo manne ya kushoto mchezaji anaruhusiwa kurudi nyuma, yaani kugawa kwa kufuata mwendo wa saa, iwapo kwa kufanya hivyo atakula moja kwa moja. Jjajja wa hapa kwetu, mwenyeji wa Kamuli, anasema ruhusa hiyo ni ya mwanzo wa zamu tu. Rafiki yake aliyekulia Mukono anasema inafaa hata katikati ya mkono, kete zilizoliwa zikiwa mkononi. Wamecheza pamoja miaka mingi na hilo hawajalimaliza. Tulikuwa tunataka kuchagua moja, mpwa wangu akakataa, akasema, «Mjomba, tukichagua sisi moja, baada ya miaka kumi ile nyingine itakuwa imekufa, na tutakuwa tumeiua sisi.» Mchezo sasa unauliza kabla ya kuanza: kurudi nyuma mwanzoni tu, au hata katikati ya mkono. Hali nyingine 20 za daftari zinaandikwa kwa ajili ya njia ya pili, na yule mzee wa Mukono ameahidi kuja Jumamosi ijayo na ubao wake mwenyewe, ambao anasema mashimo yake ni mapana zaidi na kete zinalia vingine.